Utando wa ndani ya kopo: barua ya wazi kutoka Mwanza kwa wasimamizi wa viwanda, uvuvi na viwango

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania, na uongozi wa Mkoa wa Mwanza.

YAH: KIWANGO CHA TAIFA CHA UTANDO WA NDANI YA MAKOPO YA CHAKULA

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa njia ya wazi kwa sababu jambo ninalolileta linamhusu kila anayekula chakula cha kopo katika nchi hii, na wengi wao hawana njia ya kufika ofisini kwenu. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia katika udhibiti wa ubora kwenye viwanda vya samaki hapa Mwanza, kwa hiyo jambo hili nimelitazama nikiwa upande wa wazalishaji, na ninajua gharama ya kila kipimo ninachokiomba. Ombi langu ni moja. Kabla mwambao wa Ziwa Victoria haujatia fedha nyingi katika kusindika dagaa na samaki wengine kwenye makopo, na kabla masoko ya wenzetu hayajamaliza kuyakataa makopo ya aina ya zamani, Tanzania iweke kiwango kinachodai mambo matatu kwa pamoja: ijulikane utando wa ndani ya kopo umetengenezwa kwa kemikali gani, upimwe kiasi cha kemikali hizo kinachohamia kwenye chakula, na upimwe pia kama kemikali hizo zinaingilia kazi ya homoni mwilini.

Kopo la chakula huonekana kama chuma kitupu, lakini katika makopo mengi chakula hakigusi chuma. Kati yake na chuma kuna utando mwembamba sana, wa mikroni chache tu, ambao hupakwa ukiwa majimaji kisha ukaokwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 200 hivi hadi ushike. Kazi ya utando huo ni kubwa kuliko unene wake. Samaki ana protini zenye salfa, na anapopikwa kwa joto kali ndani ya kopo lisilo na utando, salfa hiyo huungana na chuma na bati na kuacha madoa meusi kwenye kopo na kwenye nyama yenyewe. Nyanya, nanasi na vyakula vingine vyenye tindikali huila tabaka ya madini ya bati iliyopakwa juu ya chuma, na ndiyo maana Codex Alimentarius, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, imeweka kikomo cha miligramu 250 za bati kwa kila kilo ya chakula cha kopo na miligramu 150 kwa vinywaji. Chuma kikishaliwa, kopo hutoboka, na likitoboka chakula kilichomo hakina ulinzi tena. Nayasema haya mapema ili nisieleweke kana kwamba nadai utando uondolewe. Bila utando, kopo la samaki lisingekaa dukani kwa miaka miwili au mitatu likabaki salama. Ninachodai ni utando bora zaidi.

Tangu miaka ya 1950, utando uliotawala katika makopo duniani ni ule wa risini ya epoksi, inayopatikana kwa kuunganisha kemikali mbili za viwandani, bisfenoli A na epiklorohidrini. Ulipendwa kwa haki. Unashika chuma barabara, unakunjika pamoja na bati linapokandamizwa kuwa umbo la kopo bila kupasuka, hauongezi ladha yoyote, unastahimili tindikali na mafuta, na unavumilia joto la kuua vijidudu. Hakuna utando mwingine uliokusanya sifa hizo zote kwa bei ile, na mtu anayesema ungeweza kubadilishwa kwa siku moja hajawahi kuona kopo likishindwa. Ila ndani ya risini iliyokwisha kushikana hubaki molekuli za bisfenoli A ambazo hazikuungana na wenzake, na hizo ndizo zinazohamia kwenye chakula. Bisfenoli A ilitengenezwa kwa mara ya kwanza na mkemia wa Urusi, Aleksandr Dianin, mwaka 1891. Mwaka 1936, Charles Dodds na mwenzake huko London, waliokuwa wakitafuta dawa ya kufanya kazi ya estrojeni, waliijaribu kwa wanyama na kuonyesha kwamba inafanya kazi kama homoni hiyo ya kike, ingawa kwa nguvu ndogo. Kwa maneno mengine, kemikali hiyo ilipoingia kwenye makopo ya chakula, tabia yake ya kihomoni ilikuwa imekwisha kuandikwa kwenye majarida ya sayansi, na hakuna aliyerudi kuyasoma.

Naomba tuliangalie hapa jambo moja linalotuhusu sisi wa samaki kuliko watu wa bidhaa nyingine. Kulichemsha tu kopo la samaki hakutoshi. Chakula kisicho na tindikali kinapofungwa bila hewa, kinaweza kukuza bakteria wa Clostridium botulinum, ambaye mbegu zake huhimili maji yanayochemka na sumu yake huua; kwa hiyo makopo huingizwa kwenye mtambo wa mvuke wa presha na kupashwa hadi nyuzi 121 hivi. Hapa Mwanza, tulipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na sufuria ya kawaida haifiki penye usalama hata ikikaa motoni kutwa nzima. Joto la presha halikwepeki. Lakini joto hilohilo ndilo linalotoa kemikali kwenye utando. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kati ya asilimia 80 na 100 ya bisfenoli A iliyokuwamo kwenye utando ilihamia kwenye chakula wakati wa kupashwa kiwandani, na kwamba kukaa kwa kopo rafuni baadaye, au kubonyea kwake, hakukuongeza kitu cha maana. Hivyo mlaji hawezi kujikinga kwa kuchagua kopo jipya au lisilobonyea, jambo ambalo wengi wetu tumekuwa tukiwafundisha watu. Yanayomfikia yameamuliwa tayari na aliyechagua utando.

Na kemikali hiyo humfikia kweli. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwapa watu wa kujitolea bakuli moja la supu ya kopo kila siku kwa siku tano, na kwa kipindi kingine supu iliyopikwa kwa vitu vibichi. Kiwango cha bisfenoli A kwenye mkojo wao kilipanda kwa zaidi ya asilimia 1,000 walipokuwa wakila supu ya kopo. Mwili huitoa kemikali hii haraka, lakini anayekula kila siku huingiza nyingine kila siku.

Kuhusu kiasi kinachodhuru, wataalamu hawajakubaliana, na sitawaficha hilo. Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikubali mikrogramu 4 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, kwa muda. Aprili 2023, baada ya kuchambua upya tafiti nyingi, hasa zinazohusu kinga ya mwili, ilishusha kikomo hicho hadi nanogramu 0.2, yaani mara 20,000 chini. Taasisi ya Ujerumani inayotathmini hatari za chakula iliona hesabu hiyo imezidi na ikapendekeza nanogramu 200. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani bado inasema viwango vilivyopo kwenye vyakula ni salama, ingawa mwaka 2012 iliondoa ruhusa ya bisfenoli A kwenye chupa za watoto wachanga na mwaka 2013 kwenye utando wa vifungashio vya maziwa yao, ikieleza kwamba watengenezaji walikuwa wamekwisha kuacha kuitumia. Msomaji mwenye haraka anaweza kusema kwamba kama wakubwa hawakubaliani basi nasi tusubiri. Mimi nasoma kinyume chake: hata Wajerumani wanaobishana na hesabu ya Ulaya walipendekeza kikomo kilicho chini mara 20 kuliko kile cha 2015, na hakuna taasisi kati ya hizo iliyorudi nyuma na kusema watu wanaweza kula zaidi.

Sasa nije kwenye tarehe, kwa sababu ndizo zilizonisukuma kuandika mwaka huu badala ya kungoja. Ufaransa ilipiga marufuku bisfenoli A kwenye vifungashio vyote vinavyogusa chakula kuanzia Januari 2015. Tarehe 19 Desemba 2024 Umoja wa Ulaya wote ulipitisha Kanuni namba 2024/3190, iliyoanza kutumika tarehe 20 Januari 2025, inayokataza bisfenoli A pamoja na bisfenoli nyingine zilizothibitika kuwa za hatari. Vifungashio vingi vya matumizi ya mara moja vilipewa miezi 18, hadi tarehe 20 Julai 2026. Makopo ya matunda, ya mboga na ya mazao ya uvuvi yaliyosindikwa yalipewa miezi 36, hadi tarehe 20 Januari 2028, kwa sababu Ulaya yenyewe ilikiri kwamba hayo ndiyo magumu zaidi kuyapatia utando mbadala. Waheshimiwa, tazameni: samaki wa kopo ametajwa waziwazi. Ni bidhaa yetu.

Tarehe hizo zina maana mbili kwa mkoa kama wetu. Ya kwanza ni kwamba makopo, vifuniko, ngoma za vanishi na hata mitambo ambayo haitakuwa na soko Ulaya baada ya muda huo vitatafuta nchi ambayo sheria yake iko kimya. Mfanyabiashara mdogo wa Ilemela au Magu atakayeletewa makopo hayo kwa bei nafuu hatakuwa na sababu ya kuyakataa, na ofisa wa forodha hatakuwa na kifungu cha kumzuia. Ya pili ni kwamba kiwanda kitakachojengwa leo juu ya utando wa zamani kitakuwa kimejifungia nje ya soko ambalo sangara wetu amelijua kwa miongo mitatu. Wakazi wa Mwanza wa umri wangu wanaukumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga milango kwa samaki wa ziwa hili kwa sababu ya uvuvi wa kutumia sumu za viuatilifu. Viwanda vilisimama, mitumbwi ikakosa mnunuzi, na watu waliokuwa wakikata minofu kwa zamu mbili wakarudi nyumbani. Tulijifunza wakati ule, kwa uchungu, kwamba soko linaweza kufungwa kwa kitu kisichoonekana kwa macho, na kwamba njia pekee ya kulifungua ni maabara inayoaminika. Ingekuwa vibaya sana kulipia somo lilelile mara ya pili ilhali safari hii tarehe tumeambiwa mapema.

Wapo watakaosema suluhisho ni rahisi, andikeni tu kwamba bisfenoli A hairuhusiwi. Naomba msiishie hapo. Bisfenoli A ilipoanza kusemwa vibaya, watengenezaji wengi wa bidhaa mbalimbali, zikiwamo karatasi za risiti, waligeukia bisfenoli S na bisfenoli F, ndugu zake wa karibu kwa umbo, na bidhaa zikauzwa zikiwa na maandishi kwamba hazina bisfenoli A. Baadaye vipimo vya maabara vikaonyesha kwamba ndugu hao nao wanaamsha mapokezi yaleyale ya homoni, yaani sehemu za chembe za mwili zinazopokea homoni. Na kwa samaki kuna mfano mwingine wa zamani zaidi. Katikati ya miaka ya 1990, maabara za Ulaya zilipopima samaki wa kopo waliohifadhiwa kwenye mafuta, zilikuta kiasi kikubwa cha kemikali iitwayo BADGE, inayotokana na bisfenoli A na epiklorohidrini. Haikutoka kwenye epoksi peke yake. Ilitoka pia kwenye tando za vinili, ambazo ziliongezewa BADGE ili kunyonya tindikali inayotokea vinili inapopata joto. Sheria ya kuibana ilipokaribia, baadhi ya watengenezaji walihamia kwa kemikali ya jamaa yake iliyoitwa NOGE, nayo ikaja kukatazwa Ulaya mwaka 2005. Ukifuatilia mkondo huo utaona kwamba sheria inayotaja jina moja humfundisha mtengenezaji kutafuta jina lingine. Mafuta ya samaki huvuta kemikali za namna hii kwa urahisi, na dagaa wa kopo atakuwa ama kwenye mafuta ama kwenye mchuzi wa nyanya wenye tindikali, yaani katika mazingira mawili magumu kuliko yote kwa utando wowote.

Kuna njia nyingine, na imekwisha kujaribiwa. Kampuni ya Marekani ya Valspar, ambayo baadaye ilinunuliwa na Sherwin-Williams, iliamua kwamba haitatafuta kwanza risini inayofanya kazi kisha kungoja kuambiwa kama ina madhara. Ilipanga kemikali zilizoweza kuchukua nafasi ya bisfenoli A, ikazipima kwa tabia ya kihomoni mapema kabla ya kutia fedha kwenye mitambo, ikaacha zilizoonyesha dalili, na kuendelea na iliyobaki. Iliyochaguliwa inaitwa tetramethili bisfenoli F. Vikundi vinne vya ziada vilivyowekwa kwenye molekuli hiyo vinazuia kingo zake kuingia kwenye pokezi la estrojeni, huku risini yake ikibaki epoksi yenye sifa zilezile zinazohitajika na kopo. Kisha kampuni ilifanya jambo ambalo katika biashara hii si la kawaida: ilifungua matokeo yake kwa wanasayansi wa nje waliokuwa wakosoaji wakubwa wa bisfenoli A, akiwamo Ana Soto wa Chuo Kikuu cha Tufts, ambaye kwa miaka mingi amepima kemikali za estrojeni kwa kutumia chembe za saratani ya matiti zinazoongezeka pale tu homoni hiyo inapokuwapo. Matokeo ya kundi lake yalichapishwa mwaka 2017, nayo hayakuona shughuli ya estrojeni kwenye kemikali hiyo wala kwenye utando uliotengenezwa nayo. Sisemi kwamba utando huo ndio jibu la mwisho, wala sitaki Serikali iwe wakala wa kampuni yoyote. Wanasayansi wengine wanaendelea kuukagua kwa vipimo vya aina nyingine, na wanafanya vema. Ninachokiona cha thamani ni mpangilio wa kazi, yaani kupima homoni mwanzoni, kutangaza kemikali, na kumruhusu mkosoaji aje na vifaa vyake.

Tando nyingine zipo, na kila moja ina mahali pake. Zile za olioresini, zinazotokana na mafuta na utomvu wa mimea, zilitumika kabla ya epoksi na bado zinafaa kwa maharage na vyakula visivyo na tindikali, lakini hazivumilii nyanya. Poliesta hukunjika vizuri, ila tindikali huweza kuivunja polepole, nayo huachilia vipande vidogo vya molekuli zake ambavyo havikukusudiwa na ambavyo vingi havijachunguzwa sana. Akriliki ni ngumu na hupasuka kwa urahisi, na wakati mwingine huacha ladha. Kwa hiyo hakuna utando mmoja wa kuuagiza kwa vyakula vyote, na kiwango cha taifa kikitaja utando mmoja kitakuwa kimekosea kama kile kinachotaja kemikali moja. Kiwango kitaje vipimo ambavyo utando wowote lazima uvipite.

Vipimo hivyo naviomba vifanyike hapa. Maabara za Ulaya hupima uhamaji wa kemikali kwa kutumia vimiminika vinavyosimama badala ya chakula: asidi asetiki ya asilimia 3 kwa vyakula vya tindikali, ethanoli ya viwango mbalimbali, na mafuta ya mimea kwa vyakula vya mafuta. Tuvitumie hivyo, kwa sababu vinatupa lugha moja na wanunuzi wetu, lakini tuongeze chakula chenyewe: dagaa wa Ukerewe aliyefungwa pamoja na nyanya, limao, pilipili na mafuta kama wanawake wa mwambao wanavyompika, akapashwa kwenye presha kwa muda kamili wa kiwandani. Maabara ya taifa ya ubora wa samaki iko Nyegezi, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa jijini. Mashine ya aina inayotenganisha na kutambua mabaki ya viuatilifu kwenye minofu ya samaki ndiyo pia, ikiwekewa utaratibu wake na vielelezo vyake, yaani kemikali safi za kulinganishia, inayotambua bisfenoli na BADGE kwa kiasi cha mikrogramu moja kwa kilo. Fedha nyingi zitakwenda kwenye vielelezo, mafunzo na ithibati, nazo ni fedha ambazo bajeti ya wizara inaweza kuzibeba. Kipimo cha homoni kwa kutumia chembe hai kinahitaji maabara ya kibaiolojia; chuo kikuu cha tiba kilichopo Bugando kina watu wa kukianzisha wakipewa mwaliko rasmi na muda.

Watengenezaji watasema muundo wa risini ni siri ya biashara. Naiheshimu hoja hiyo kwa kiasi. Siri inaweza kutunzwa kati ya mtengenezaji na mdhibiti, kama zinavyotunzwa siri za dawa, bila kuchapishwa gazetini. Lakini mdhibiti asiyejua alichopewa hana cha kutafuta kwenye mashine yake, kwa kuwa mashine huona vizuri kile tu ilichoelekezwa kukitafuta. Tangu mwaka 2019, Sheria ya Fedha ilipohamisha usimamizi wa usalama wa chakula kwenda Shirika la Viwango, shirika hilo lina mkono mmoja juu ya chakula na mwingine juu ya kifungashio. Mamlaka ya kudai tamko la kemikali zilizomo kwenye utando yapo mikononi mwake, na utaratibu wa kukagua ubora wa bidhaa kabla hazijaondoka nchi zinakotoka upo tayari. Liongezwe tu sharti kwamba kila shehena ya makopo matupu, vifuniko na vanishi za chakula iambatane na tamko la kemikali na cheti cha uhamaji. Mzigo huo umwangukie anayetengeneza na anayeingiza utando. Usimwangukie msindikaji mdogo wa Kayenze au Musoma, ambaye hata akitaka hawezi kujua kopo alilouziwa limepakwa nini. Kwa msindikaji huyo naomba SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, iwe na orodha ya makopo yaliyopita vipimo na aina ya chakula ambacho kila kopo limepimwa nacho, maana kopo lililopita kwa maharage linaweza kushindwa kwa dagaa wa nyanya.

Gharama itapanda, sitakataa. Utando uliopimwa ni ghali kuliko usiopimwa, na kwa kopo dogo la bei ya chini ongezeko hilo huonekana. Ila dagaa ndiye kitoweo cha mtu wa kipato cha chini kuanzia Kirumba hadi Tabora, na hasara ya dagaa wanaoozea mchangani msimu wa mvua, wakiishia kuwa chakula cha kuku, ndiyo sababu kubwa ya kutaka viwanda hivi. Nataka vijengwe. Nimeona mvua ya masika ikiharibu mzigo wa siku nzima pale Igombe na wenye mzigo wakiwa wamesimama kando yake. Lakini atakayelisha familia yake dagaa wa kopo kila siku ndiye atakayepata kemikali nyingi zaidi, na mtoto wake, kwa uzito wake mdogo, atapata nyingi zaidi ya wote kwa kila kilo ya mwili. Siwezi kukubali kwamba chakula kinachokusudiwa kumfaa mtu huyo ndicho kiwe na ulinzi mdogo kuliko kile tunachokisafirisha Ulaya.

Neno fupi kuhusu utafiti wa nyumbani. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya kazi kwa miaka mingi juu ya mafuta ya ganda la korosho, ambayo yana kadanoli, kemikali inayoweza kutengenezwa risini za epoksi na tando za kukinga chuma. Maganda hayo Mtwara na Lindi yanayo kwa wingi, na madini ya bati yanachimbwa Kyerwa, mkoani Kagera, upande wa pili wa ziwa hili. Ninavutiwa sana na wazo la kopo ambalo bati lake na utando wake vimetoka katika nchi hii. Hata hivyo kadanoli nayo ni ya jamii ya fenoli, kama bisfenoli, na mafuta yake yakiwa mabichi huunguza ngozi ya wanaoyabangua. Asili yake ya mmea haimpi mtu ruhusa ya kuiamini. Ipite vipimo vilevile, kwa ukali uleule, kabla ya kuguswa na chakula. Tume ya Sayansi na Teknolojia ikitenga fedha kwa ajili hiyo, iwe ni sharti kwamba mkemia wa risini na mpimaji wa homoni waombe fedha pamoja tangu siku ya kwanza.

Ninapendekeza kikao cha kazi kifanyike Nyegezi kabla ya mwaka huu wa fedha kwisha, kikiwakutanisha wataalamu wa Shirika la Viwango, maabara ya samaki, ofisi ya Mkemia Mkuu, wizara zote mbili, waagizaji wa makopo, na wawakilishi wa wasindikaji wa dagaa, wakiwamo wanawake wanaoanika na kuuza pale Mwaloni. Kikao hicho kiandike rasimu ya kiwango, kitaje kemikali za kuanzia kupimwa, yaani bisfenoli A, S na F, BADGE na NOGE pamoja na mazao yake, na kiweke tarehe ya mwisho ya kuingiza makopo yasiyo na tamko isiyozidi tarehe 20 Januari 2028. Kwa kuwa ziwa hili tunalimiliki pamoja na Uganda na Kenya, rasimu hiyo ipelekwe mapema kwenye meza ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ili kopo lililokataliwa Mwanza lisiingie kwa kupitia Sirari au Mutukula. Mimi na wenzangu kadhaa tuliostaafu kutoka viwandani tuko tayari kutoa muda wetu bila malipo kuandaa sampuli za dagaa za majaribio, kwa mapishi na kwa muda wa joto utakaoamuliwa na maabara.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mdhibiti ubora mstaafu wa viwanda vya samaki,
Ilemela, Mwanza